Ukurasa wa Majivu

Pa!

Niliusikia mpira kabla sijauona. Mipira yote iliyonijia maishani niliijua kwa sikio kwanza, kwa sababu uwanja wetu wa Mbotela, ule ulio kati ya nyumba za kanjo, baraza la jiji, na reli, haukuwa na nyasi hata za kumdanganya mbuzi. Ulikuwa na vumbi. Kila mshambulizi aliyenijia alikuja amebeba wingu lake, nami nilisimama golini nikisubiri wingu liseme.

Na wingu husema. Mpira ukipigwa kwa upande wa ndani wa mguu, sauti yake ni pu, nzito, ya taratibu, kama mtu anayekung'uta mkeka. Huo unakuja chini, na unakuja kule mguu ulikoelekea. Ukipigwa kwa mgongo wa kiatu, sauti ni pa, kavu, kama kofi. Huo usingoje kuuona. Ruka. Ukitaka kuuona kwanza, utauona ukielekea relini, na wewe ndiye utakayeufuata, kwa maana hatukuwa na wavu.

Nawaambia haya nyinyi makipa wadogo mnaokuja jioni mkiwa na glavu zenye rangi kama maembe mabivu. Mnajifunza kwa simu, na si vibaya. Simu inawaonyesha mkono wa kipa. Haiwapi sikio. Siku moja jaribuni kufumba macho wenzenu wakipiga mpira, mseme ni pu au ni pa. Mtakosea wiki ya kwanza. Ya pili mtaanza kuogopwa.

Mmekuwa mkiniuliza juu ya ile picha ya ukutani. Nitafika. Mzee akiulizwa njia huanza na kule alikopotea.

Mwezi uliopita Wambui, msichana mchoraji mnayemjua nyote, alinijia nyumbani kwangu mtaa wa Fedha asubuhi, rangi imemkauka kwenye kucha.

"Niaje, guka!" Kwake mimi ni babu.

"Salama. Vua viatu, usikanyage kapeti. Shosho yako atatufukuza sisi wote wawili."

Alivua, akaketi, akafungua karatasi kubwa mezani. Vijana walikuwa wamekubaliana kwamba ukuta mpya wa uwanja uchorwe siku ile nilipoudaka mpira wa Majengo. Nikajiona nimelala hewani kama ndege, vidole vimenyooka, vumbi limenizunguka kama moshi.

"Hizi nywele ni za nani?" nikamuuliza.

"Ni za sanaa, guka. Usijali." Akacheka. Kisha akatoa penseli nyuma ya sikio. "Imebaki kitu kimoja tu. Mpira niuweke wapi? Juu ya mstari, ama mbele kidogo? Watu wa mtaa kila mmoja ananiambia lake. Mimi nataka iwe vile ilikuwa. Na wewe ndiye ulikuwa hapo."

Nilimwomba wiki moja.

"Wiki nzima kukumbuka mpira mmoja?" akasema. "Haya basi. Lakini ukuta unaningoja, guka, na rangi inakauka kwa mkebe."

Hakujua kwamba swali hilohilo niliwahi kuulizwa, zaidi ya miaka arobaini iliyopita, na mara ile sikuomba hata dakika.

Aliyenifundisha kazi hii alikuwa fundi viatu. Fundi Odera alikaa kwenye kona ya uwanja, sindano mdomoni, akishona viatu vya watu na mipira yetu ya ngozi. Zamani alikuwa kipa, na kidole chake kidogo cha kulia kilikuwa kimepinda kuelekea nje kama mtu anayeomba lifti. Alisema kipa ambaye vidole vyake vyote vimenyooka huyo alikuwa anakwepa mipira. Vyangu leo, mmeviona, vimepinda vitatu.

Alinifundisha kuanguka. Usianguke kwa kiwiko wala kwa nyonga, alisema. Anguka kama gunia linaloshushwa na mtu mwenye adabu, upande mzima, polepole ingawa ni haraka. Alinifundisha kulowesha glavu kabla ya mechi, na zangu zilikuwa glavu za kiwandani za kubebea vyuma. Alinifundisha kwamba saa kumi jioni jua hukaa juu ya goli la upande wa barabara, basi nahodha wako akishinda kura, mnong'oneze achague hilo.

Jambo moja hakunifundisha, nikajifundisha mwenyewe. Mechi yangu ya kwanza niliogopa mpira ungeniponyoka, nikaenda kwenye kibanda chake wakati amekwenda kula, nikapaka glavu gundi ya viatu. Mpira wa kwanza ulikuja, nikaudaka, haukuponyoka. Uwanja mzima ukapiga makofi. Nikazungusha mkono nimrushie beki wangu, na mpira ukakataa kuachana nami. Ulizunguka na mkono, ukafika nyuma, hapo ndipo ukabanduka, ukaingia golini kwangu mwenyewe. Tulifungwa moja bila, na mfungaji nilikuwa mimi. Fundi Odera alicheka mpaka akatema sindano.

Ndiyo asili ya jina Gundi. Miaka baadaye mtangazaji wa redio aliwaeleza wasikilizaji kwamba naitwa hivyo kwa sababu mpira ukifika mikononi mwangu hauondoki. Sikumsahihisha. Umaarufu wangu ulianza kwa kunyamaza, na ungekuwa umeishia kwenye hilo la gundi, leo tungecheka tu.

Sasa sikilizeni habari ya majivu.

Hatukuwa na chokaa. Mistari ya uwanja tuliichora kwa majivu ya akina mama waliokaanga samaki na kuchoma mahindi kando ya barabara. Unachukua mkebe wa rangi, unautoboa chini kwa msumari, unaujaza, unatembea kinyumenyume ukiutikisa. Kwenye timu yetu kila kipa alichora goli lake mwenyewe. "Mwenye mlango ndiye hufagia kizingiti," alisema Fundi Odera.

Lakini yeye aliongeza kitu ambacho sijakiona uwanja mwingine. Nyuma ya mstari wa goli, upana wa hatua moja, alitufanya tutandaze majivu membamba kutoka mlingoti hadi mlingoti, laini kama unga kwenye chungio. Aliyaita ukurasa. Mpira ukivuka mstari na kugusa chini, unaandika duara lake pale, na refa anakuja kusoma. Hakuna kelele wala kushikana mashati. Marefa wote wa upande huu walijua: ukicheza na vijana wa Odera, uliza ardhi. Timu za mitaa mingine zilitushangaa. Kipa gani humtandikia adui wake ushahidi? Fundi alijibu kwamba kipa akikaa na shaka nyuma yake, mechi nzima atakuwa anageuka kutazama, na mpira hupita mbele.

Siku ya mechi na Majengo nilitandaza ukurasa huo kwa mikono yangu.

Majengo walikuwa na Saidi. Mngemwona, mngeacha kuniuliza habari zangu. Kijana mwembamba, mama yake akipika mahamri ya kuuza asubuhi, na miguu yake yote miwili ilikuwa ya kulia. Siku hiyo alikuja mtu wa kampuni moja kubwa iliyokuwa na timu, na iliyowapa wachezaji wake kazi ya mwezi hadi mwezi. Alikuja kumtazama Saidi. Kila mtu alijua. Mimi hata jina langu hakuwa nalo.

Tulikuwa sare, mchezo unakaribia kwisha, upepo umeinua vumbi lote la uwanja. Nikasikia pa. Nikaruka kulia, na sikio langu lilikuwa sahihi. Mpira ulinigonga viganja, ukashuka nyuma yangu, nikageuka nikiwa bado hewani na kuulalia.

Chini ya goti langu la kushoto niliona duara. Zima, limekamilika, nyuma ya mstari kwa upana wa mpira na kidole. Limeandikwa kama muhuri.

Nililisugua.

Sikupanga. Laiti ningeweza kuwaambia nilifikiri kuhusu mama yangu au kazi. Sikufikiri kitu. Goti lilikwenda mbele na nyuma mara mbili, na vumbi lilipotua nilikuwa nimelala juu ya majivu yaliyochafuka, mpira kifuani.

Saidi alikuwa hatua tatu tu. "Refa, umeingia! Duara liko hapo! Alikuwa nalo chini yake!"

Refa akaja mbio, akainama kusoma, akakuta ukurasa umefutika. Akanitazama. Alinijua, aliwajua vijana wote wa Odera.

"Wewe ndiye uliyetandaza haya majivu. Mpira uligusa wapi?"

Nikaweka kidole juu ya mstari. "Hapa."

"Basi si goli," akasema.

Saidi aliniita mwizi mbele ya watu, kwa sauti iliyokatika, akatolewa nje. Tukashinda kwa penalti, na mimi nikadaka mbili. Mtu wa kampuni alimpita Saidi aliyekuwa amekaa kwenye jiwe, akaja kuniuliza jina.

Watu waliponishusha mabegani nilikwenda kwenye kibanda cha Fundi Odera nikitaka anisifu. Aliangalia mikono yangu, kisha miguu. Goti la kulia lilikuwa na vumbi. La kushoto lilikuwa jeupe.

"Osha hilo goti, Mwangi," akasema, akarudi kwenye kiatu alichokuwa akishona.

Tangu siku hiyo hakuniita tena Gundi. Mtaa mzima uliniita hivyo, redio iliniita hivyo. Yeye aliniita kwa jina nililopewa na wazazi wangu, mpaka alipokufa.

Lakini si hilo lililonikaa kifuani kuliko yote. Baada ya siku tatu Saidi alikuja kwetu Mbotela. Alikuwa amevaa shati safi na amebeba sahani ya bati yenye ukingo wa buluu, imefunikwa kitambaa. Mama yake alikuwa amemtuma. Alikuwa amesikia kwamba mwanawe amemwita kijana wa watu mwizi hadharani, na katika nyumba yao ulimi wa namna hiyo haukuvumiliwa. Basi akapika mahamri, akamwambia apeleke na aombe radhi.

Aliomba. Alisimama mlangoni akatazama mguu wake, akasema, "Mama anasema nimekosa. Nisamehe, kipa."

Nikasema, "Yamekwisha."

Na nikala yale mahamri. Yalikuwa na iliki. Nakumbuka yalikuwa matamu.

Mama yangu aliosha sahani, akaiweka juu ya kabati. Mnajua sahani ya watu hairudi tupu. Kila wiki aliniuliza, "Ile sahani ya Majengo tuitilie nini?" na kila wiki nilimwambia nitaipeleka. Nilihama nayo. Imekaa nami nyumba tatu.

Mnataka kujua umaarufu ulivyo. Ni kubebwa mabegani: unaona mbali, lakini hao walio chini yako ndio wanaochagua pa kwenda, na wakichoka hukushusha walipochokea wao. Kampuni ilinipa kazi stoo, na kazi yangu stoo ilikuwa kusalimiwa. Nilinywa chai ya bure mpaka nikapata vidonda vya tumbo. Nilichezea timu ya taifa. Ugenini, mvua ikinyesha, mbele ya watu walionizomea kwa lugha nisiyoijua, niliwahi kudaka mpira wa karibu ambao hadi leo sielewi mkono ulifikaje. Ule ulikuwa wangu kwa haki. Hakuna anayeukumbuka. Nikikutana na mtu wa rika langu benki au msibani, hunishika mkono na kusema, "Gundi! Ule wa Majengo!" Kisha huwageukia walio karibu na kuwaonyesha nilivyoruka. Miaka yote hiyo nimekuwa nikitazama watu wazima wakiruka uongo wangu.

Naye Saidi alipata jina pia. Kwa wiki kadhaa baada ya mechi alimweleza kila mtu habari ya duara kwenye majivu, mpaka watu wakachoka, wakaanza kumwita Majivu. Alifungua kibanda cha viatu vya mitumba soko la Gikomba, na jina likamfuata. Niliwahi kupita pale nikitafuta viatu vya mwanangu. Alichagua jozi, akaikunja soli, akanusa ndani, akaniambia, "Hivi havitelezi, kipa." Vijana wa jirani walikuwa wakimpigia kelele, "Majivu, teremsha bei! Majivu, huyo ni mtu mkubwa, usimuumize!" Nilimuuliza mmoja wao jina hilo lilitoka wapi. Akanitazama kama mtu asiye na macho. "Si uone nywele zake, mzee. Zote nyeupe."

Ndiyo maana nilimwomba Wambui wiki. Siku sita nilizunguka sebuleni. Ningemwambia "juu ya mstari" na ingekwisha. Nyinyi mngeapa kwa picha hiyo baada yangu, na uongo ungepata ukuta wake. Siku ya saba nilimpigia simu nikamwambia angoje uwanjani, kisha nikaishusha sahani kabatini.

Nyumba ya Saidi ni ileile ya mama yake, Majengo, yenye mlango wa mbao wa kijani unaoburuza sakafuni. Nilinunua mahamri kona, nikayapanga, nikafunika kitambaa.

"Hodi."

"Nani?"

"Gundi."

"Pita. Mlango ni wa kusukuma kwa bega, umevimba."

Alikuwa peke yake, amekaa kwenye kiti karibu na dirisha. Nikaketi kwenye kigoda mbele yake. Hakunitazama mimi. Alitazama nilichobeba. Alifunua kitambaa, akasukuma hamri moja pembeni kwa kidole mpaka ukingo wa buluu ukaonekana.

"Hii ni ya mama."

"Ni yake."

"Aliitafuta sana; alisahau aliituma kwenu, nami sikumkumbusha. Alimshuku Bi Zena wa nyumba ya pili. Walinuniana mpaka Ramadhani." Akainua hamri, akalionja, akalirudisha. "Haya umeyanunua pale kona. Sukari nyingi, iliki hakuna."

"Saidi," nikasema, "mpira uliingia."

Akajipangusa sukari vidoleni.

"Uliandika duara nyuma ya mstari. Zima. Nililifuta kwa goti, kisha nikamwonyesha refa pasipokuwa pake. Halafu ukaja kwetu na mahamri, nikayala."

"Goti gani?"

"La kushoto."

Alifumba macho kwa muda mrefu. "Mimi nilidhani ni mkono," akasema. "Miaka yote hii nikikuota, unafuta kwa mkono."

"Lakini ulijua."

"Nilijua. Ila mtu akiambiwa na watu wote kwamba hakuona, kipa, inafika siku naye anaanza kujiuliza. Refa alisema hapana. Mama alisema nipunguze ulimi, na amekufa akiamini nilikusingizia. Wajukuu wananiita Majivu na wanacheka. Nikaanza kuamka asubuhi nikisema, labda kweli vumbi lilinidanganya." Akafumbua macho. "Kazi ile ningekusamehe. Ningeifanya vibaya pengine, mimi sijui kusalimiwa. Lakini ulinifanya nisiyaamini macho yangu. Hilo sijui kama nakusamehe. Leo sijui."

Sikujitetea. Kipa aliyefungwa hupeleka mpira katikati. Nilimweleza habari ya ukuta, na msichana mwenye penseli nyuma ya sikio, na swali lake.

"Kwa hivyo umekuja kuniomba ruhusa?"

"Nimekuja kukwambia kabla sijamwambia yeye."

Akainuka, kwa shida, akayamimina mahamri kwenye sinia, akaifuta sahani kwa upindo wa shati lake, mbele na nyuma, akaisimamisha kwenye rafu kati ya birika na saa. Akarudi nyuma hatua moja kuiangalia. Akavaa kofia yake, akatafuta ndara kwa vidole vya mguu chini ya kiti.

"Huyo mchoraji yuko uwanjani saa hii?"

"Yuko. Anangoja."

Nikashika ukuta, nami nikainuka. "Twende wote, nitakuitia pikipiki."

"Wewe kaa," akasema Saidi. "Kula mahamri. Mara ya kwanza mahali pa mpira ulionyesha wewe."

Alitoka. Nilitega sikio, kama nilivyofunzwa. Mlango wa kijani uliburuza sakafuni, polepole, ukafika mwisho wake, ukafungwa nyuma yake: pu.